Sufuria la Wageni Wasiofika

Mashoga zangu, kila mmoja wenu ana habari yake kuhusu safari yangu. Bi Zuhura amesikia nilikwenda Ras al Jinz kutazama kasa wakitaga. Bi Moza ameambiwa nimeolewa tena, tena na mtu wa Sur. Kasa sikumwona hata mmoja, na mume ndiyo kabisa. Naandika ili niseme mara moja tu, maana kusimulia nyumba hadi nyumba kumenikausha koo, na kila nyumba hunikatiza pahala pake.

Yote yalianza kwa simu. Mwanafunzi wangu wa zamani anafanya kazi katika hoteli moja hapa Maskati. Alinipigia akaniambia, "Mwalimu, pana bibi wa Kizungu hapa ana picha ya mzee wa Kizanzibari, na nyuma yake pameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sisi hatuwezi kusoma." Udadisi wangu mnaujua. Nilikuwa nimeshavaa buibui kabla hajakata simu.

Bibi mwenyewe jina lake Miriamu, mwembamba, umri kama miaka sabini, ametoka Uswisi amevaa viatu vya kupandia milima. Kwenye picha alikuwamo mzee wa joho na jambia, amekaa wima. Nyuma pameandikwa: "Kwa sahibu yangu Yakobo wa saa. Humud bin Sleyum, Unguja." Yakobo alikuwa baba yake. Alikuwa akitengeneza saa za ukutani, na huyu Sheikh Humud akizinunua na kuziuza Unguja, miaka chungu nzima. Walikuwa wakiandikiana barua tu, hawakuonana hata siku moja.

Nikamsomea. Akanitazama, kisha akaniuliza kwa Kiingereza, "Watu wake wako wapi sasa? Nataka kujua kwa nini alitukatalia."

Maskati hadi Firq: rejeta

Nikaulizia mjini mpaka nikapata anwani ya jamaa yake mmoja Nizwa, nikajitolea kumpeleka. Dereva wetu alikuwa shemeji yangu Nasor, mdogo wa marehemu mume wangu. Nasor kazaliwa Tabora, na Kiswahili chake ni cha bara, chenye nguvu na makelele. Gari yake anaisifu kuliko watoto wake. Basi gari hiyo ilichemka kabla ya Nizwa, moshi ukatoka mbele kama jikoni kwa Bi Moza siku ya Idi, tukajikokota mpaka gereji za Firq.

"Ni rejeta tu, shemeji," alisema Nasor. "Dakika ishirini."

Dakika ishirini zilikuwa saa tatu. Tulikaa juu ya tairi mbili kuukuu kwenye kivuli cha ukuta, tukanunuliwa chai ya maziwa na chapati, na hapo ndipo Miriamu aliponieleza. Mimi nilimtafsiria Nasor, aliyekuwa akijifanya anamsimamia fundi.

Kwao ni mji mdogo, familia za Kiyahudi chache, sinagogi moja, na ndani yake saa iliyotengenezwa na babake. Nchi yenyewe haikupigana na mtu. Jirani zao wote walikuwa wamewehuka kwa vita na bendera, wao wako katikati wanauza saa na jibini. Lakini hata huko vijana walianza kupita chini ya madirisha yao wakiimba nyimbo za kuwatukana, na polisi wakiwatazama tu. Na kuchinja kwa dini yao kulipigwa marufuku tangu zamani, hata kabla babake hajazaliwa.

Nasor aligeuka. "Ngoja kwanza. Nchi ya amani, halafu kuchinja marufuku? Sasa mlikuwa mnakula nini, mama?"

"Nyama ilitoka Ufaransa kwa treni. Ikichelewa ikaharibika, tunakula samaki."

"Samaki gani?" nikauliza. Mimi chakula lazima nikijue mpaka mwisho.

"Wenye magamba na mapezi. Wengine haturuhusiwi."

Nikamhurumia. Nikafikiria mchuzi wa papa, nikasema moyoni kweli kila watu na mtihani wao.

Kisha akaja kwenye jambo lenyewe. Alipokuwa na miaka tisa, kabla ya vita vikuu vya pili, ami yake alikimbia kutoka Ujerumani na mkewe na watoto wawili. Mkubwa alikuwa Lotte, wa umri wake. Lotte alilala kitandani kwake miezi mitano. Afisa wa wageni aliwaambia: mnaruhusiwa kupita hapa, si kukaa, leteni karatasi ya nchi itakayowapokea. Yakobo akawaandikia wateja wake wote wa nje. Wengi walijibu kwa pole. Sheikh Humud, ambaye yeye peke yake Yakobo alimwita rafiki, hakuandika hata mstari. Kilikuja kifurushi cha zawadi tu, barua hamna. Baada ya hapo ami na watu wake walipandishwa treni, wakarudishwa mpakani. Lotte alituma postikadi moja. Hakuna aliyesikia habari zao tena.

"Baba aliitoa ile picha ukutani," alisema. "Mimi niliiokota. Nataka kujua tu. Kama alitukataa, basi, lakini nijue."

Fundi akapiga honi, gari imepona.

Nizwa: kikombe kilichowekwa chini

Nizwa tulikuwa na anwani ya Mzee Khalfan, mtoto wa ndugu yake Sheikh Humud, mstaafu wa serikali. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba ya kwetu hasa, ile ndefu, nikajisikia niko Unguja. Alitukaribisha sebuleni, kukaja tende, halua ya moto ya Nizwa na kahawa.

Nikiri hapa. Alipouliza mgeni ni nani, nilisema, "Mgeni kutoka Uswisi." Nikaishia hapo. Nilijua ninachokificha, na nilijua kwa nini: habari za redio za siku hizo mnazikumbuka, na sikujua mzee atapokea vipi.

Miriamu alipewa kikombe. Alikisogeza puani, uso ukambadilika, akakiweka chini bila kuonja. Mimi nikaona haya. Mzee Khalfan naye akakaa wima, akaweka mkono kifuani.

Wale miongoni mwenu mliokulia Unguja huenda hamjui, kwa hiyo nieleze. Huku bara ya Omani, mgeni akikiweka kikombe chini bila kunywa, amekuja na haja nzito, na hatakunywa mpaka akubaliwe. Mzee wa watu akaona bibi kutoka Uswisi amemletea haja kwa adabu zote za kikabila.

"Khalas!" alisema. "Mwambie anywe. Haja yake imekubaliwa, wallahi, hata sijaijua."

Nikatafsiri. Miriamu akaniuliza, "Haja gani?" Nikamfinya.

Basi mzee akashika simu, akapiga kwa jamaa zake wote mpaka adhuhuri. Aliyebaki katika watoto wa Humud, alisema, ni binti mmoja, Thuwaiba, na mara ya mwisho alisikika Ibra. "Ammi yangu Humud alikuwa mtu wa maneno machache," alisema akitusindikiza. "Lakini mbaya, la. Mbaya hakuwa."

Garini Miriamu alinigeukia. "Hukumwambia mimi ni nani," alisema.

"Nimemwambia wewe ni mgeni."

"Baba yangu naye waliendelea kumwambia hivyo hivyo, na alizaliwa pale."

Nilijisikia mdogo. Nikamwomba radhi, na namshukuru Nasor kwamba safari hiyo alinyamaza. Baadaye nikamuuliza ile kahawa ilikuwa na kasoro gani.

"Karafuu," alisema. "Kile kifurushi kilikuwa na karafuu na halua. Mama alizitupa karafuu katika jiko la kuni, nyumba ikanuka msimu mzima wa baridi. Lotte akaondoka katika harufu hiyo. Siwezi kuivumilia."

Ibra: soko la Jumatano

Njia ya kwenda Ibra kupitia Sinaw ni ndefu na imenyooka, na Nasor aliijaza hadithi za Tabora. Ibra tuliikuta nyumba ya Bi Thuwaiba imefungwa kwa kufuli. Jirani akasema wamehama, hajui wapi. "Waulizeni wanawake sokoni Jumatano. Wanawake ndio wenye habari."

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

Siku mbili tukakaa Ibra tukingoja Jumatano ifike. Nasor alisafisha rejeta isiyohitaji kusafishwa. Miriamu alitembea kwenye majumba ya udongo yaliyoachwa, akauliza kila mlango ulikuwa wa nani, nami namjibu sijui, sijui, mpaka nikaanza kutamani kujua mimi pia. Jioni moja alinieleza jinsi babake alivyokuwa akizijaribu saa za Unguja: alizipanga zote ukutani siku nane kabla ya kuzifunga, nyumba nzima ikawa inagonga, na watoto wakilala vizuri zaidi kuliko siku nyingine. Zikiondoka, nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi.

Jumatano soko la Ibra ni la wanawake watupu. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume akiingia hufukuzwa. Nasor tulimwacha nje, akanung'unika kama aliyenyimwa pilau. Ndani, udi, hina, vitambaa, makelele matamu. Kwenye meza ya manukato nilimsikia msichana anaimba Kiswahili, nikamuuliza kuhusu Bi Thuwaiba binti Humud.

"Ah, Bibi Thuwaiba! Yuko Sur, kwa mtoto wake Asila. Nyumba yake nyeupe, mlango ya buluu, karibu na bahari." Kiswahili cha watoto wetu mnakijua, kimepita katika Kiarabu kikatoka kimechoka. Kisha akacheka. "Wale wana sufuria kubwa, hawapiki ndani. Sufuria ya Mayahudi, wanasema. Najisi."

Miriamu aliniuliza amesema nini. Nilimwambia, "Wako Sur." Maneno mengine niliyameza. Nilijiuliza kama ninampeleka bibi wa watu akatukanwe mlangoni, baada ya miaka sitini ya kujiuliza. Nasor nilimwambia kwa Kiswahili tukiwa njiani.

"Turudi?" aliuliza.

Nilimtazama Miriamu kwenye kioo. Alikuwa ameishika ile picha mapajani kwa mikono miwili. "Twende," nikasema.

Sur: sufuria

Mlango ulikuwa wa buluu kweli. Asila, mwanamke wa makamo, alitupokea kwa bashasha, na safari hii sikuficha. Nilisema pale pale kizingitini: "Huyu ni Miriamu binti Yakobo, Yahudi wa Uswisi. Baba yake alikuwa akimuuzia saa babu yako."

Bashasha ya Asila ikasimama nusu njia. Akasema "ahlan, ahlan," kisha akakimbilia jikoni, na kwa ule mlango uliokuwa wazi nikamwona akitupia kanga juu ya kitu kikubwa kilichokuwa rafuni. Nikajua ni kile.

Bi Thuwaiba alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo, mweupe wa nywele, miwani minene. Nikamwamkia. Hakuniitikia. Alikuwa akimtazama mwenzangu.

"Mtoto wa Yakobo wa saa?"

"Ndiye, bibi."

"Mmechelewa," alisema, machozi yakamtoka. "Wallahi mmechelewa sana. Wengine wako wapi? Tuliambiwa wanne."

Nilipotafsiri, Miriamu alikaa chini, si kwenye mto aliowekewa, pale pale sakafuni. Akauliza lile swali lake: kwa nini alikataa?

"Nani kakataa?" Bi Thuwaiba alifoka hasa, na mtu wa miaka ile kufoka si jambo dogo. "Barua ilifika, karani Mgoa akaisoma. Miye n'na miaka kumi na miwili, nimekaa mlangoni nasikiliza. Baba siku ile ile akaita mafundi wapake chokaa vyumba viwili vya juu. Akasema, hawa hawali katika vyombo vyetu. Alikuwa akikaa Aden ujanani na Mayahudi, akiwajua. Akanunua masufuria mapya ya shaba, akatwambia, ole wake atakayetia hata maji. Na papa asipikwe mle, wala pweza. Samaki wa magamba. Kila meli ya Ulaya ikitia nanga anakwenda bandarini na gari, anarudi na gari tupu."

"Lakini barua," Miriamu alisema. "Hakuandika."

Bi Thuwaiba alishangaa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini watu hula kwa mkono wa kulia. "Aandike nini? Mtu akikuomba aje kwako, ukimjibu 'ndiyo' umemwambia ulikuwa unaweza kusema 'hapana'. Hujibu. Wapeleka kitamu, na yeye anajua. Akapeleka halua, na karafuu za shamba letu wenyewe, zilizochambuliwa moja moja. Karani alimwambia, sheikh, Wazungu watataka karatasi yenye muhuri. Baba akamwambia, mgeni wangu nimpe cheti cha kuingilia? Nyumba yangu jela?"

Nilitafsiri haya sentensi kwa sentensi, na kila sentensi niliona inavyoingia. Kwao zawadi bila neno ni njia ya heshima ya kusema hapana. Kwetu ndiyo njia ya heshima ya kusema ndiyo. Na kati ya hizo mbili, Lotte alipandishwa treni.

"Baada ya vita," Bi Thuwaiba aliendelea, sasa kwa sauti ndogo, "baba akaandika. Barua mbili, kuuliza mumo hai. Zikarudi hazikufunguliwa. Akasema, hawatutaki tena, tumewaudhi kwa lipi? Kafa hajui."

Miriamu alifumba macho. "Ni mimi niliyezirudisha posta," alisema. "Baba alinipa, akasema usizifungue. Nilijua ni za nani kwa ile stempu. Nilizipeleka zote mbili."

Asila alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Mama," alisema, "sisi tulidhani najisi. Ulisema tusiguse, la Mayahudi."

"Najisi!" Bi Thuwaiba alimgeukia. "Ni amana! Mali ya watu. Mama'angu mwaka ule wa kukimbia Unguja kaacha dhahabu kabeba sufuria, kwa kuwa dhahabu yake mwenyewe na lile si lake. Na nyinyi nimewaambia msiguse, hamkuniuliza kwa nini, mkajijazia wenyewe. Lete hapa."

Lililetwa bila kanga. Shaba nzito, ndani bati halijachubuka, jipya kama limetoka dukani jana. Yalikuwa masufuria mengi, limebaki hili. Bi Thuwaiba akalisukuma kwa mikono miwili mpaka magotini kwa Miriamu. "Chukua. Lenu."

Miriamu alitia mkono ndani, akapapasa chini kabisa. Kisha akaniuliza kama Sur mna samaki wa magamba.

Sur kukosa samaki! Nasor alikwisha toka kabla sijamaliza kutafsiri, akarudi na changu wanne wakubwa. Tulipika pilau. Mimi nilikuwa nimeshamnong'oneza Asila asitie karafuu, na Asila, kwa haya aliyokuwa nayo siku ile, angetii hata ningemwambia asitie mchele. Lakini Miriamu alikuja jikoni, akanyoosha kiganja. Akapewa. Alizitia mwenyewe, kidogo kidogo, akasimama juu ya mvuke macho yamemlowa, na hakuondoka mpaka pilau ilipoiva. Alikula vizuri. Sufuria alikataa kulibeba. "Lipikiwe," alisema. "Kila akija mtu."

Kabla hatujaondoka Bi Thuwaiba alidai karatasi na kalamu. Aliandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, mistari mitatu. Akanipa nisome kwa sauti:

"Kwa Yakobo. Barua yako imefika. Waje wote."

Kurudi kwa njia ya Tiwi

Tulirudi kwa njia ya pwani, ya vumbi na mawe, na pancha tuliipata karibu na Tiwi, kwa hiyo Nasor hana tena la kusema kuhusu gari yake. Miriamu alikaa juu ya jiwe na ile karatasi. Aliniomba nimwandikie yale maneno kwa herufi za Kizungu, si kwa maana yake, kwa sauti yake. Akayarudia hadi tairi ilipofungwa, akikwama kwenye "imefika" kila mara.

Wiki iliyopita barua yake imefika. Anasema alikwenda kaburini kwa babake siku ya pili ya kurudi, akamsomea kwa Kiswahili, kwa sauti, mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya babake na ya pili kwa ajili ya Lotte. Hajui kama alitamka sawa, na hilo linamsumbua.

Sikutuma halua. Nilikaa pale pale, buibui sijavua, nikamwandikia kwamba ametamka sawasawa, nikaipeleka posta kabla haijafungwa.